Bangi ya dawa: namna mmea unavyolishwa, na kwa nini mbolea huamua hatima ya zao

Serikali kadhaa za Afrika zimeruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na viwanda, chini ya leseni na ulinzi mkali. Mjadala wa hadharani umejikita katika sheria, maadili na matumaini ya fedha za kigeni. Lakini ndani ya uzio wa mashamba hayo, swali linaloamua kama zao litauzwa au litateketezwa ni la kawaida zaidi: mmea umelishwa nini, kwa kiasi gani, na kwa njia ipi.

Lesotho ndiyo iliyotangulia barani kutoa leseni za bangi ya dawa, mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, na Bunge la Malawi likapitisha sheria yake Februari 2020. Rwanda iliidhinisha mwongozo wa kilimo hicho Oktoba 2020, kwa lengo la kuuza nje, huku matumizi ya starehe yakibaki kosa la jinai. Nchini Uganda, kilimo cha leseni kilianzia wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Desemba 2, 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika jedwali la dawa zenye vikwazo vikali kuliko zote chini ya Mkataba wa mwaka 1961. Kura zilikuwa 27 za kuunga mkono na 25 za kupinga.

Mabadiliko hayo hayakugusa kila nchi. Katika Tanzania, Kenya na Burundi, anayepanda bangi bado anavunja sheria. Hata katika nchi zilizofungua mlango, asiye na leseni hana ruhusa ya kupanda kwa ajili ya biashara. Makala haya yanahusu mashamba yaliyosajiliwa, na yanaeleza sayansi ambayo wakulima, wakaguzi na wanunuzi wanapaswa kuielewa kabla ya kusaini mkataba wowote.

Vitu 17 vya lazima

Bangi si mmea wa miujiza. Kama mahindi, kahawa au migomba, inahitaji elementi 17 ili ikue na kuzaa. Tatu kati ya hizo, yaani kaboni, hidrojeni na oksijeni, mmea huzipata hewani na majini. Zilizobaki 14 hupitia mizizini. Sita huhitajika kwa wingi: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa. Nane huhitajika kwa kiasi kidogo mno, lakini bila hizo mmea hauwezi kukamilisha maisha yake: chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni, molibdeni, klorini na nikeli.

Kila moja ina kazi yake. Naitrojeni hujenga protini na kijani cha majani. Fosforasi hubeba nishati ndani ya seli na hujenga mizizi. Potasiamu huongoza maji ndani ya mmea na kufungua na kufunga vinyweleo vya majani. Kalsiamu huimarisha kuta za seli. Magnesiamu iko katika kiini cha kila chembe ya kijani cha majani.

Katika karne ya 19, mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza kanuni ambayo mabwana shamba wa leo bado wanaifundisha: mavuno hayaamuliwi na kirutubisho kilicho kingi, bali na kile kilichopungua kuliko vyote. Mfano wake unaofahamika ni wa pipa la mbao. Hata ubao mmoja ukiwa mfupi, maji yatamwagikia hapo, na kurefusha mbao nyingine hakutasaidia kitu. Mkulima anayeongeza naitrojeni kwenye shamba lenye upungufu wa magnesiamu anarefusha ubao usiohitajika, na analipia gharama yake.

Dalili za upungufu husomeka majanini. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huweza kuhama ndani ya mmea: zikipungua, mmea huziondoa katika majani ya zamani na kuyapa machipukizi, kwa hiyo majani ya chini ndiyo huanza kugeuka manjano. Kalsiamu na chuma hazihami kwa urahisi, hivyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga. Ncha za majani zinapoungua huku mmea ukiwa wa kijani kizito, mara nyingi tatizo ni kinyume chake: mbolea imezidi.

Udongo, usumba au maji

Njia ya zamani kuliko zote ni kulisha udongo, na udongo nao ukaulisha mmea. Samadi iliyooza vizuri, mboji, majivu na mazao ya jamii ya kunde huongeza virutubisho polepole, na vijidudu vya ardhini huvigeuza kuwa chumvi ambazo mizizi inaweza kuzinyonya. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia, ambazo mkulima wa mahindi anazijua, hufuata utaratibu huohuo. Njia hii ni nafuu na husamehe makosa madogo, kwa kuwa udongo wenye mboji hushika virutubisho na kuviachia taratibu. Udhaifu wake ni kwamba si rahisi kujua mmea umepata kiasi gani hasa.

Bangi ya viwandani, maarufu kama hempu, ambayo haina kiasi cha kulevya, hupandwa kwa njia hiyo katika mashamba ya wazi. Kwa zao la nyuzi, viwango vya naitrojeni vinavyotajwa sana ni kati ya kilo 60 na 150 kwa hekta, kutegemea rutuba iliyopo. Kinachozidi hapo huongeza urefu na majani, lakini mashina hulala na nyuzi hudhoofika.

Bangi ya dawa hulimwa zaidi ndani ya vitalu nyumba, na huko udongo wa kawaida umeachwa kwa kiasi kikubwa. Mizizi hukua katika usumba, zile nyuzinyuzi za makumbi ya nazi ambazo watu wa Pwani wamezisokota kamba kwa karne nyingi, au katika pamba ya mawe, au mboji ya vinamasi. Vitu hivyo hushika maji na hewa, lakini havina chakula cha kutosha. Mmea hutegemea kabisa mbolea inayoyeyushwa katika maji na kupelekwa kwa mipira ya matone hadi kwenye shina, mara kadhaa kwa siku.

Usumba una tabia yake. Ukitoka pwani bila kuoshwa vizuri, huja na chumvi ya bahari. Hata ukiwa msafi, hung'ang'ania kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu. Ndiyo maana wakulima wenye uzoefu huuloweka kwanza katika maji yenye kalsiamu, na huongeza madini hayo katika mbolea ya wiki za mwanzo. Asiyelijua hilo huona majani yakikunjamana na madoa yakitokeza, akadhani ni ugonjwa, akanunua dawa ya kuvu kwa tatizo la lishe.

Njia ya tatu ni kilimo bila udongo wala mbadala wake, ambapo mizizi huning'inia ndani ya maji yenye virutubisho na oksijeni. Ukuaji ni wa kasi, lakini hakuna akiba ya kosa: pampu ikizimika kwa kukatika kwa umeme, mizizi huanza kukosa hewa ndani ya muda mfupi.

Njia ya nne ni kupulizia mbolea ya majani. Hii hufaa kurekebisha upungufu wa haraka wa chuma au magnesiamu wakati mmea ungali mchanga. Haifai mara maua yanapofunga. Ua la bangi lina nywele za utomvu zinazonasa kila kinachodondokea. Unyevu huleta ukungu, na mabaki ya mbolea hubaki katika sehemu ileile ambayo mgonjwa ataitumia.

Vipimo viwili huongoza kazi yote hiyo. Cha kwanza ni uchachu wa maji, unaopimwa kwa pH. Katika kilimo kisicho na udongo, kiwango kinachofaa ni kati ya 5.5 na 6.5; kikipanda zaidi, chuma na manganizi hubaki majini bila kunyonywa, na mmea huona njaa ukiwa mbele ya chakula. Cha pili ni uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao huonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Kipimo hiki hakisemi ni chumvi ipi; kinasema tu kama kinywaji ni chepesi au kikali.

Siku za ikweta

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kilimo vya Ulaya na Amerika Kaskazini havimwandalii mkulima wa Afrika Mashariki. Bangi nyingi huanza kutoa maua usiku unaporefuka. Katika nchi za kaskazini, siku ndefu za kiangazi huuacha mmea ukue kwa miezi kabla ya maua. Karibu na ikweta, mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Mche wa aina za kigeni unaopandwa Kasese au Musanze unaweza kuanza kuchanua ukiwa mdogo mno kiasi cha kutokuwa na faida.

Kwa sababu hiyo, vitalu vingi huwasha taa kwa saa kadhaa baada ya jua kutua ili kuuzuia mmea usichanue kwanza. Taa zikizimwa, maua huanza. Mkulima ndiye anayepanga muda wa kukua, na ratiba ya kulisha hufuata uamuzi huo badala ya kufuata majira. Ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya Canada, ikinakiliwa kama ilivyo, humlisha mmea mdogo wa ikweta chakula cha mmea mkubwa.

Naitrojeni ikizidi, dawa hupungua

Kwa miongo mingi, marufuku ya bangi iliwazuia watafiti wasiijaribu hadharani. Maarifa ya kuilisha yalikaa mikononi mwa wakulima wa siri na wauza mbolea, na mengi yalikuwa imani kuliko vipimo. Hali ilibadilika katika miaka ya karibuni, hasa kupitia watafiti wa Taasisi ya Volcani nchini Israel na Chuo Kikuu cha Guelph nchini Canada.

Watafiti wa Volcani waliilisha bangi ya dawa naitrojeni kwa viwango tofauti, kuanzia miligramu 30 hadi 320 kwa kila lita ya maji. Mimea yenye njaa ilitoa mavuno kidogo. Lakini kadiri naitrojeni ilivyoongezwa, kiwango cha THC na CBD ndani ya ua kilishuka. THC ndiyo kemikali inayolevya na hutumika pia kama dawa. CBD hailevyi, na imesajiliwa kutibu aina fulani za kifafa. Kiwango walichokiona kuwa mwafaka, kinachotoa mavuno mazuri bila kupoteza sana kemikali hizo, kilikuwa karibu miligramu 160 kwa lita.

Sababu yake inaeleweka. Kemikali hizo hazina naitrojeni ndani yake. Hujengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Mmea unaopewa naitrojeni nyingi hutumia kaboni yake kujenga protini na majani. Unaobanwa kidogo huelekeza sehemu ya kaboni hiyo kwenye utomvu, ambao ndio kinga yake dhidi ya wadudu na jua kali.

Takwimu hiyo si kubwa kama inavyosikika. Kwa hesabu ya mfano tu, mmea unaokunywa lita 2 kwa siku kwa siku 100, kwa kiwango cha miligramu 160, utapata jumla ya gramu 32 za naitrojeni. Ni kiasi kilichomo katika takriban gramu 70 za urea.

Hata hivyo, urea si mbadala sawa. Watafiti haohao walionyesha kwamba umbo la naitrojeni nalo lina uzito. Sehemu kubwa ya naitrojeni ilipotolewa kwa umbo la amonia badala ya naitreti, mavuno na kemikali za dawa vyote vilipungua. Shambani, bakteria wa udongo hugeuza urea na DAP kuwa naitreti. Ndani ya usumba mpya au pamba ya mawe, bakteria hao ni wachache. Mbolea zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo ya ukanda huu ni zile za mahindi na chai, na nyingi zina amonia au urea. Kitalu cha bangi ya dawa kinalazimika kutafuta naitreti ya kalsiamu na naitreti ya potasiamu, ambazo huagizwa nje na bei yake ni ya juu zaidi.

Hadithi ya fosforasi

Katika soko la mbolea za bangi kuna bidhaa nyingi zinazoitwa za kuchanulisha. Nyingi zimejazwa fosforasi, kwa dai kwamba maua huihitaji kwa wingi. Majaribio hayajaliunga mkono dai hilo.

Mwaka 2021, watafiti wa Guelph walichapisha jaribio lililopima naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja wakati wa maua, katika kilimo cha majini. Kwa aina waliyoipanda, mavuno yalifikia kilele karibu na miligramu 194 za naitrojeni na 59 za fosforasi kwa lita. Potasiamu, kati ya miligramu 60 na 340, haikubadili mavuno. Utafiti wa Volcani kuhusu kipindi cha ukuaji wa majani uliona kwamba miligramu 30 za fosforasi zilitosha.

Maana yake kwa mfuko wa mkulima ni dhahiri. Chupa za gharama kubwa zenye picha za maua manene zinaweza kuwa zinamuuzia kitu ambacho mmea hautakinyonya, na ambacho kitaishia mtaroni. Hali kadhalika na desturi ya kuunywesha mmea maji matupu kwa wiki moja au mbili kabla ya kuvuna, kwa imani kwamba huondoa mabaki ya mbolea ndani ya ua. Kilichokwisha kujengwa ndani ya tishu za mmea hakioshwi kwa maji ya mizizini.

Mbegu, mimea mama na watoto wake

Lishe haiwezi kutenganishwa na uzalishaji wa mbegu. Watafiti wa Volcani walipozijaribu aina mbili za bangi ya dawa kwa viwango mbalimbali vya potasiamu, miligramu 15 kwa lita zilikuwa pungufu kwa zote mbili. Lakini kiwango cha juu cha miligramu 240 kiliidhuru aina moja na kuistawisha nyingine. Kwa maneno mengine, ratiba ya kulisha ni ya aina fulani ya mmea, wala si ya bangi kwa ujumla. Anayebadili mbegu bila kubadili lishe anaanza kubahatisha.

Ndiyo sababu mashamba ya dawa hayapandi mbegu kila msimu. Huchagua mmea jike mmoja uliothibitishwa kwa vipimo, huutunza kama mmea mama chini ya taa ili usichanue, na kukata vipandikizi kutoka kwake. Watoto wote hufanana kwa urithi, hunywa kwa kiasi kilekile, na hutoa dawa ya kiwango kilekile. Mmea mama hulishwa kwa kiasi, kwa kuwa naitrojeni nyingi hufanya vipandikizi viwe laini na vigumu kutoa mizizi. Vipandikizi vyenyewe hupewa maji yenye mbolea hafifu sana mpaka mizizi itokeze.

Kwa wafugaji wa mbegu, swali ni jingine: watachagua mimea gani kuwa wazazi, na chini ya lishe ipi? Wakichagua katika vitalu vilivyojaa mbolea, watapata aina zinazong'aa pale tu mbolea inapokuwa nyingi. Eneo la Rif, kaskazini mwa Morocco, limelipitia jambo hilo. Kwa vizazi vingi wakulima wake walipanda beldia, bangi ya kienyeji iliyozoea ardhi kavu na yenye rutuba ndogo. Baadaye aina chotara kutoka nje zilienea kwa kuwa hutoa utomvu mwingi, lakini zilidai maji na mbolea kuliko mabonde yale yanavyoweza kutoa. Tangu sheria ya mwaka 2021 iliporuhusu kilimo cha dawa na viwanda katika mikoa ya Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, beldia imepata nafasi pia katika kilimo halali.

Jambo moja linafaa kuwekwa wazi. Mbolea haiwezi kuigeuza hempu kuwa bangi ya kulevya. Uwezo wa mmea kutengeneza THC nyingi au CBD nyingi umo katika urithi wake. Lishe huongeza au kupunguza ndani ya mipaka hiyo tu. Hata hivyo, mipaka ya kisheria ni myembamba. Marekani na Umoja wa Ulaya huhesabu hempu kuwa ile yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, na zao linalovuka kidogo tu linaweza kuamriwa kuharibiwa.

Mmea usiochagua

Bangi ina sifa moja ambayo kwa mwanamazingira ni neema na kwa mgonjwa ni hatari: mizizi yake hunyonya metali nzito kutoka ardhini na kuzihifadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanasayansi waliijaribu hempu karibu na Chernobyl, Ukraine, kusafisha udongo uliochafuliwa. Karibu na kiwanda cha chuma cha Taranto, kusini mwa Italia, ilipandwa kwa lengo hilohilo.

Sifa hiyo haizimiki mmea unapolimwa kwa ajili ya dawa. Kadmiamu, risasi, aseniki na zebaki zilizomo katika udongo, maji au mbolea zinaweza kufika katika ua, na kutoka hapo kwenye mapafu au tumbo la mtu ambaye tayari ni mgonjwa. Ndiyo maana wanunuzi wa Ulaya hudai vipimo vya metali hizo kwa kila shehena, na shehena inayoshindwa hairekebishiki.

Mbolea yenyewe inaweza kuwa chanzo. Mawe ya fosfeti hubeba kadmiamu kwa viwango tofauti; yaliyotokana na mashapo ya bahari za kale kwa kawaida huwa na kadmiamu zaidi kuliko yaliyotokana na miamba ya moto. Tangu Julai 2022, Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 60 za kadmiamu kwa kila kilo ya fosfeti katika mbolea za madini zinazobeba nembo yake. Afrika Mashariki ina mawe yake ya fosfeti: ya Minjingu, Tanzania, yaliyotokana na mashapo ya ziwa la kale, na ya vilima vya Sukulu karibu na Tororo, Uganda, yaliyotokana na miamba ya moto. Kwa zao la dawa, asili ya jiwe peke yake haitoshi kuwa cheti. Kinachohesabika ni kipimo cha maabara cha mfuko uliofika shambani.

Mahali nako kuna uzito wake. Wilaya ya Kasese, kwa mfano, ni makao ya machimbo ya zamani ya shaba ya Kilembe, na mabaki ya machimbo hayo yenye shaba na kobalti yamekuwa hoja ya wanamazingira kwa miaka mingi. Hilo halimaanishi kwamba mashamba yenye leseni ya wilaya hiyo yamechafuliwa. Linamaanisha kwamba katika eneo lolote lenye historia ya uchimbaji, udongo na maji ya mto vinapaswa kupimwa kabla ya mche wa kwanza kupandwa, si baada ya shehena kukataliwa bandarini.

Samadi nayo ina masharti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kilimo bora cha mimea ya dawa, uliotolewa mwaka 2003, unakataza kinyesi cha binadamu kutumika kama mbolea, na unataka samadi ya wanyama iozeshwe kikamilifu ili vimelea vife. Mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka hawezi kubeba mzigo wa bakteria ambao mtu mzima wa afya angeustahimili.

Maji yanayotoka upande wa pili

Katika vitalu vingi, sehemu ya maji yenye mbolea huachwa ipite chini ya vyungu ili chumvi isirundikane. Maji hayo hutoka na naitreti na fosforasi. Yakiachwa yaingie mtoni, hulisha mimea ya majini badala ya zao. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa maana yake: gugumaji limewahi kufunga magati na mialo ya wavuvi, na virutubisho vinavyotiririka kutoka mashambani na mijini ni miongoni mwa vichocheo vyake.

Ufumbuzi upo. Maji hayo yanaweza kukusanywa, kusafishwa kwa mwanga wa urujuanimno ili kuua vimelea, kurekebishwa na kutumiwa tena. Yanaweza pia kuelekezwa kwenye mashamba ya majani ya mifugo. Njia zote mbili zinahitaji fedha na uangalizi. Pale leseni isipoyataja maji machafu, gharama huhamia kwa jirani anayeteka maji chini ya kilima.

Nani anaweza kumudu?

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, bei za mbolea zilipanda duniani kote, na wakulima wa mahindi wa ukanda huu walipunguza kiasi walichoweka shambani. Kitalu cha bangi ya dawa hakina nafasi hiyo ya kupunguza kwa kukisia, kwa sababu mnunuzi anataka kiwango kilekile cha dawa katika kila mavuno. Ukichanganya mbolea zinazoyeyuka, vipimo vya maabara, umeme wa taa na uzio wa ulinzi, ni wazi kwa nini leseni nyingi zimeishia kwa kampuni zenye mitaji, si kwa mkulima mwenye nusu hekta.

Morocco imejaribu njia nyingine: wakala wa serikali hutoa vibali kwa wakulima wa mikoa husika, nao huuza kupitia vyama vya ushirika kwa viwanda vilivyosajiliwa. Katika mpango kama huo, ununuzi wa mbolea, upimaji wa udongo na ushauri wa lishe vinaweza kufanywa kwa pamoja, na gharama ikagawanywa.

Kwa mwanachama wa ushirika, au mwenye ardhi anayeombwa kuikodisha kwa kampuni yenye leseni, sayansi hii hugeuka kuwa maswali machache ya kuuliza mapema:

Je, udongo na maji vimepimwa metali nzito, na majibu yataonyeshwa kwa nani?

Mbolea itatoka wapi, na kila mfuko utakuja na cheti cha maabara?

Ratiba ya kulisha imejaribiwa kwa aina hii ya mbegu na kwa urefu wa siku za hapa, au imenakiliwa kutoka nchi nyingine?

Maji yanayotoka kitaluni yataelekezwa wapi?

Na shehena ikikataliwa kwa sababu ya mbolea au udongo, hasara itakuwa ya nani?

Swali la mwisho ndilo ambalo mara nyingi huachwa bila jibu katika mikataba ya mazao mapya. Mwenye ardhi anafaa kulipatia jibu la maandishi kabla ya kuweka sahihi, kwa kuwa ardhi iliyorundikana chumvi au kadmiamu itabaki yake hata baada ya kampuni kuondoka.